Mate Si Kohozi

Kanisani mtu akikohoa, mimi husikiliza kikohozi na mahubiri huyaacha yapite. Najua si vizuri. Padri anaeleza habari za mpanzi, mimi shingo imeshageuka kumtafuta yule wa benchi la nyuma: kikohozi chake kikavu au kina kitu ndani? Amejishika ubavu mmoja? Anahema kwa shida? Binti yangu hunifinya paja. Umestaafu mama, ananinong'oneza, tulia. Nitulie vipi? Mikono iliyozoea kupaka kohozi kwenye kioo haijui kulala mapajani. Hata sasa nikiwaandikia nimeshainuka kwenda kuchungulia sufuria ambayo haina moto chini yake.

Ninaowaandikia ni ninyi vijana mnaosomea maabara, na wenzenu wa udaktari pia, maana wao ndio watakaowatumia vikopo. Nasikia mnazo mashine siku hizi. Unatia kohozi huku, jibu linatoka kule, nanyi mnapata nafasi ya kuchezea simu. Nafurahi, kweli nafurahi. Lakini mashine haimuulizi mgonjwa ametema nini. Ukiitilia mate itakupa habari za mate, kwa uaminifu kabisa, nawe utazipeleka wodini kana kwamba ni habari za mapafu.

Nilifanya kazi maabara ya hospitali moja hapa Bariadi, tukiwa bado tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga, wakati ule wa ruksa, serikali ilipofungua biashara kwa kila mtu. Ruksa ilikuja na mambo yake. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na chama cha ushirika peke yake ikaanza kugombewa na wanunuzi binafsi wenye malori na maneno matamu. Mitumba ikajaa minadani. Na dawa nazo zikatoka hospitalini zikaenda gulioni. Zamani dawa uliipata hospitali au uliikosa, basi. Sasa ukienda gulio la Dutwa unakuta mtu amepanga vidonge juu ya turubai, katikati ya betri za redio na sabuni za mche. Maarufu kuliko zote zilikuwa kapsuli za rangi mbili, na watu waliziita hivyohivyo, rangi mbili. Kichwa kinauma, rangi mbili. Una kidonda, unaifungua na kumwaga unga wake juu. Una kichomi, rangi mbili, moja asubuhi na nyingine ukikumbuka.

Hicho kichomi, ambacho vitabu vyenu vinakiita nimonia, ndicho kilichonifundisha kazi. Msije mkadhani ni ugonjwa mmoja. Ni moto uliowaka kwenye mapafu, na wanaouwasha ni wengi. Mkuu wetu wa maabara, Mzee Jilala, alikuwa mfupi, mkali, na alizungumza na darubini yake kwa upole kuliko alivyozungumza nasi. Darubini yenyewe ilikuwa ya kioo cha kunasa jua, maana umeme ulikuwa mgeni, ulikuja ukipenda. Wingu likipita, kazi inasimama, naye anatoka nje kuligombeza.

Yeye alinifundisha kuwatambua vimelea hao kwa sura. Wenyeji wakubwa wa kichomi cha mtu aliyeugua ghafla akiwa nyumbani kwake ni nyumokokasi. Ukishapaka rangi unawaona wa zambarau, wawili wawili, kama punje mbili za mtama zilizogusana, na kila jozi imezungukwa na weupe kidogo kama iliyovaa koti. Hemofilasi ni vijiti vyekundu, vifupi mno, unaweza kuvipita ukidhani ni takataka za rangi. Hao huwapenda watoto na wazee ambao vifua vyao vilikwisha kuchakaa. Klebsiela ni vijiti vyekundu vinene, na kohozi lake linanata na kuvutika, na mara nyingi mwenye kikopo ananuka pombe ya gongo. Stafilokokasi hukaa kwa mafungu, wa zambarau pia, nao hupenda kuja nyuma ya surua au mafua makali. Halafu wapo wasioshika rangi kabisa. Unaona usaha umejaa na ndani yake humuoni mtu. Hapo usiandike "hamna kitu". Andika ulichokiona: usaha upo, vimelea havikuonekana. Daktari mwenye akili atajua la kufanya.

Upakaji wenyewe ni kazi ya moyo uliotulia, na moyo wangu mimi haukuwahi kutulia. Unakausha kioo, unakipitisha juu ya moto wa spiriti, unamwaga zambarau, unasuuza, unamwaga ayodini, unasuuza. Kisha inakuja spiriti ya kuoshea, na hapo ndipo watu hupotelea. "Mwaga mpaka zambarau iache kutiririka," Jilala alikuwa akisema, "na uache hapohapo. Ukizidisha utawavua nguo hata wasiostahili." Mwenzetu Nkwabi alikuwa mtu wa mpira. Siku moja alimwaga spiriti huku anasimulia goli la mkwaju wa penalti, na mkwaju ule ulikuwa mrefu. Vioo vyote vya asubuhi vikatoka vyekundu. Akapeleka majibu kwamba wodi nzima ina vijiti vyekundu vinene, wakiwamo watoto wachanga. Daktari Shija akaja mwenyewe mlangoni, akauliza kwa adabu hao watoto gongo wanaipata wapi.

Huyo Daktari Shija alikuwa mtu wa kufanya naye kazi. Alijua kupiga kifua kwa vidole akasikia mahali palipojaa, alijua kumtazama mtoto mbavu zinavyoingia ndani akihema, na alijua pia kwamba vidole na masikio havimwambii aliyewasha moto ni nani. Picha ya kifua ilikuwepo siku ambazo dawa za kusafishia picha zilikuwepo. Kuotesha vimelea hatukuweza, tulituma Mwanza kwa basi, na kohozi la safari likifika huwa limeota kila kitu isipokuwa unachokitafuta. Kwa hiyo alinitegemea mimi na Jilala, na sisi tulikitegemea kikopo.

Sasa nifike kwa Minza, maana nimezunguka vya kutosha.

Minza alikuwa binti wa Mwandoya, huko Meatu, ameolewa Dutwa si siku nyingi. Mumewe alikuwa amechukuliwa na wanunuzi wa pamba kwenda kupakia malori, kwa hiyo aliletwa na baba mkwe wake, Mzee Maduhu. Na Mzee Maduhu hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alikuwa na ng'ombe, alikuwa na shamba la pamba, na tangu ruksa iingie alikuwa na turubai lake gulioni. Ndiyo, la dawa. Alikuwa amempa mkwewe rangi mbili tangu homa ilipoanza, leo moja, kesho mbili, na zilipogoma akaamua mwenyewe kwamba ugonjwa ni kifua kikuu.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu asubuhi ile kwa Kisukuma, akiniita mama kwa heshima zote. Kisha akasema maneno ambayo yalinifanya nishindwe kukaa kwenye stuli. "Mimi sitaki mambo mengi. Nipime huyu. Kama ni tibii, lori la Meatu linaondoka alasiri, anarudi kwao. Ng'ombe zangu za mahari nitazifuata baadaye. Nina wajukuu ndani ya nyumba."

"Na kama siyo?"

"Kama siyo, nionyeshwe ni nini. Kama hamkioni, basi ni ule usioonekana, na lori ni lilelile."

Alimaanisha ukimwi. Siku hizo ulisemwa kwa kuzungukwa hivyo. Mimi nilimtazama Minza. Midomo imekauka, pua zinapanuka kila anapovuta pumzi, mkono umeganda ubavuni. Juu ya lori, vumbi lile, mpaka Mwandoya? Angefika maiti. Daktari Shija alipompima alinifuata mbio, akasema sindano anampa kwa vyovyote, ila nimpatie kohozi kabla dawa haijaingia. "Kohozi kwanza, lakini nisingoje mpaka mgonjwa anifie mkononi," alisema. "Na yule mzee hakubali kulaza mtu bila jibu. Kimbia."

Nikampa Minza kikopo, nikamweleza. Akaenda pembeni kidogo, akarudi, akapiga magoti, akakileta kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na maji meupe yenye povu. Nilipaka hivyohivyo, kwa haraka. Chini ya darubini nikaona chembe pana za mdomoni, zimelala kama chapati zilizochanika, na vimelea vya kila kabila vinavyoishi kwenye meno ya watu wazima wote. Usaha hamna. Jilala akachungulia, akainua kichwa. "Hiki cha mdomoni. Nataka cha kifuani."

Nikarudi, nikamweleza tena kwa Kisukuma, nikaonyesha kwa mkono kifua changu. Minza akaitikia ndiyo. Akaenda. Akapiga magoti tena, mikono miwili tena, na ndani mate tena, meupe zaidi kuliko ya kwanza. Nikahisi kulia. Alikuwa ameshasukutua, akanichagulia kilicho safi, kama mtu anayemtafutia mgeni kikombe kisicho na ufa. Jua lilikuwa linapanda. Nje Mzee Maduhu alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia juu ya goti, akitazama barabarani kama lori limeshatokea.

Nikamwambia Jilala huyu binti hanielewi. Jilala alikwenda dirishani, akatazama benchi, akaangua kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Wewe binti wa Lamadi," akaniambia, "kwenu mwaloni mnatemeana ovyo na wachuuzi wa samaki. Huyu anakuelewa sana. Mkwewe amekaa pale. Mwanamke akohoe, atoe uchafu wa kifuani, autie kwenye kikopo, mkwewe anasikia? Atakufa nalo kifuani kwanza."

Nilikuwa nimelipita benchi lile mara zote hizo na sikuliona. Jilala akavaa koti lake jeupe, akatoka nje na sauti ya mnadani. "Mzee Maduhu! Njoo unisaidie kitu. Hawa wanunuzi wapya wa pamba, mizani yao inasemaje huko Dutwa? Mdogo wangu ana ekari zake, asije akaibiwa." Hakuna mkulima wa pamba aliyewahi kukataa swali hilo. Maduhu akasimama, na nikawaona wakizunguka upande wa stoo, mikono ya mzee ikiwa hewani tayari.

Nikamshika Minza mkono, tukaenda nyuma ya jengo, upande wa jua. Hapa sikilizeni, maana hili hamtafundishwa na mashine. Mkalishe mgonjwa, ainame mbele kidogo. Asukutue kwa maji matupu. Kunja kitenge chake, akikumbatie pale panapouma, maana mwenye kichomi huogopa kukohoa kwa sababu ubavu unamchoma. Avute pumzi ndefu, aiachie, avute tena, aishikilie, halafu akohoe kutoka tumboni, siyo kooni. Na wewe usisimame mbele yake ukipokea kikohozi usoni. Kaa pembeni, upepo ukupite.

Minza akavuta pumzi, akageuza shingo kutazama nyuma.

"Hayupo," nikamwambia. "Toa. Hata ukitaka kutukana, leo ruksa."

Alicheka, masikini, na kicheko kikamwamshia kikohozi, na kikohozi kikaleta kile tulichokuwa tunakitafuta. Kilikuwa kizito, rangi ya kutu, kama maji yaliyolala kwenye bati kuukuu. Mtu mwingine angegeuza uso. Mimi niliona furaha ambayo sijui niieleze vipi kwa mtu asiye wa kazi hii. Daktari Shija alikuwa amesimama mlangoni na sindano imeshavutwa. Nilimpita na kikopo, yeye akamwendea mgonjwa na penesilini.

Wingu likaja wakati huohuo, bila shaka. Nikapaka, nikakausha, nikamwaga rangi zangu, na spiriti niliiacha pale zambarau ilipoacha kutiririka. Kisha nikakaa kwenye darubini nikingoja jua, miguu ikipigapiga sakafu. Nililiomba wingu, nililitukana. Lilipoondoka nikaona uwanja umejaa usaha, chembe za mdomoni za kuhesabu, na katikati ya usaha, wa zambarau, wamevaa makoti yao, wawili wawili, kila nilikosogeza kioo.

Jilala akaja, akatazama muda mrefu. "Hao wanaweza kukaa kooni kwa mtu mzima asiumwe," akasema. "Lakini hawakai hivi katikati ya usaha." Rangi ya kutafutia kifua kikuu akaipaka yeye mwenyewe kwenye kioo kingine cha kohozi lilelile, akatafuta mpaka macho yakamtoa machozi, hakuona kijiti. Akasema kimoja hakitoshi, tutatafuta tena asubuhi zinazofuata, ila kwa leo ugonjwa tumeushika shati.

Mzee Maduhu hakutaka kuambiwa. "Karatasi mnaandika wenyewe. Nimesema nionyeshwe." Jilala akampisha kiti. Mzee akavua kofia, akafumba jicho moja, akafumbua, akafumba lingine. Mwisho akatulia.

"Mbona wanakwenda wawili wawili?"

"Ndivyo walivyoumbwa, mzee."

"Na hawa ndio wamekula dawa yangu?"

"Ulikuwa unawapa kidogokidogo," Jilala akasema. "Wanaopona ndio wanaozaa. Tena wako wasioijali kabisa hiyo rangi mbili yako."

Maduhu alitoka akakaa kwenye benchi, na lori la Meatu lilipopiga honi barabarani hakuinuka. Minza akalazwa. Sindano zikaendelea, homa ikamwachia, na asubuhi moja muuguzi akaja kunicheka kwamba mgonjwa wangu hataki uji, anadai michembe. Mtu anayedai viazi vikavu vya kutafuna ana mapafu. Vioo vya kifua kikuu vya asubuhi zilizofuata navyo havikuonyesha kitu. Nilikwenda wodini nikamkumbatia, na nililia mbele ya watu, sioni haya kusema.

Mngependa niishie hapo. Hata Jilala alidhani yamekwisha. Lakini Maduhu alipokuja kumchukua mkwewe nilimuuliza swali ambalo namuuliza kila mtu, na ambalo ninyi mtamuuliza kila mtu, hata kama hamkuombwa: nyumbani nani mwingine anakohoa?

Alizungusha kofia mkononi. "Mama yao," akasema.

"Mke wako?"

"Mke wangu. Lakini yeye ni kikohozi tu."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu tunapanda pamba."

Na nje, barabarani, malori ya pamba iliyovunwa yalikuwa yanapita. Nikamuuliza anatumia nini. Alitazama chini, wala sikuhitaji jibu. Nilimwambia amlete, na nilimwambia kwa ukali ambao mwanamke wa umri wangu hakupaswa kumtolea mzee wa umri wake.

Alimleta. Mama huyo aliitwa Mama Sayi, amekonda, mabega yametokeza, na Minza alikuja naye kumshika mkono. Mzee Maduhu hakungoja kuambiwa, alikwenda mwenyewe mpaka getini akatugeuzia mgongo. Minza ndiye aliyempeleka mama mkwe wake nyuma ya jengo na kumwelekeza: inama mama, kumbatia kitenge, vuta, shikilia, sasa. Niliwasikia kutoka dirishani. Mama Sayi alikohoa bila aibu yoyote, kama mtu aliyechoka kuficha.

Jilala akapaka rangi yake nyekundu, akaipashia moto mpaka ikatoa mvuke, akaiosha kwa asidi, akamwaga ya buluu juu. Akatazama. Akanyanyuka, akanisogezea stuli. Walikuwepo. Vijiti vyekundu, vyembamba, vimejipinda kidogo, vingi, kwenye uwanja wa buluu. Kifua kikuu hasa, kilichokuwa kinapika, kinalea wajukuu, na kinamuuguza Minza wakati mzee anamtafutia Minza lori.

"Kamwambie wewe," Jilala akasema. "Mimi nitasema vibaya."

Alikosea kunituma. Nilikuwa nimejaa. Nilimfuata mzee getini, nikamwambia ni tibii, na kwamba inatibika, na kwamba watoto wote wa nyumba waletwe wapimwe, na kwamba dawa zake ni za miezi mingi na haziuzwi kwenye turubai. Hapo ningenyamaza. Sikuweza.

"Sasa mzee," nikamuuliza, "lori la kumrudisha mkeo kwao linaondoka saa ngapi?"

Hakukasirika. Aligeuka akalitazama benchi. Mkewe alikuwa ameegemea ukuta amefumba macho, na Minza, ameketi pembeni yake, alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi.

"Mayu," akaniambia, "huyu kwao ni kwangu."

Kisha akavaa kofia, akaniuliza hizo dawa zinatolewa chumba gani.